Mkumbuko wa Makaburini na Kutu ya Ngano

Mwenye mkate mkononi na auweke chini kwanza, maana hekaya hii hailiki pamoja na mkate. Katika mji wa Kahramani, bara, nyuma ya milima, alitawala Sultani Muntasiri bin Ghalibu, na watu wa mji ule hawakujua chakula ila ngano, na walikuwa na ada moja waliyoishika kuliko roho zao: kila maiti akizikwa, Sultani mwenyewe huleta mche wa kichaka cha miiba chenye maua ya manjano, waliouita mkumbuko, ukapandwa kichwani pa kaburi, na atakayevunja hata jani lake huhesabiwa kama aliyemvunja maiti mfupa.

Basi ikaingia kutu, maradhi ya ngano. Mabua ya ngano yakapasuka na kutoa vumbi jekundu, likashika nguo na kope za wakulima, na masuke yakawa makapi matupu. Mwaka wa kwanza wakasema ni mtihani, na wa pili wakachinja ng'ombe na kuzunguka mji kwa kisomo, na wa tatu hapakuwa na ng'ombe wa kuchinja. Watu wakachemsha ngozi za viatu, na makaburi yakaongezeka, na mikumbuko ikastawi ajabu.

Alikuwako mkulima jina lake Mabruki, mjane, mkewe Ruzuna amelala makaburini, na hakubakiwa na kitu duniani ila binti mmoja, Salha, aliyekonda hata akawa hawezi kusimama. Siku moja alikuwa akichimbua mizizi ya kula, jembe likagonga pete ya shaba, akaisugua udongo, na mara moshi ukapanda na jini mwenye pembe akasimama mbele yake.

"Labeka, bwana wangu! Mimi ni mtumwa wa pete. Amri yako nini?"

"Mkate!" akasema Mabruki. "Mkate wa mwanangu, upesi!"

Zikashuka sinia za dhahabu, na Salha akala, akala, kisha akashika tumbo akauliza, "Baba, mbona nakula na njaa iko palepale?"

Jini akainamisha kichwa. "Chakula cha kijini hakimshibishi binadamu, seyyidi."

"Loo! Pembe zote hizo, na faida huna! Haya, nioteshee ngano shambani kwangu."

Jini akapiga kofi, na shamba likasimama ngano mpaka kifuani, na Mabruki akalia kwa furaha. Lakini masuke hayajakomaa, kutu ikapanda ikayala yote. Mabruki akajitupa chini akasema, "Basi niambie walau adui yangu anakaa wapi."

Jini akamchukua mpaka kaburini kwa Ruzuna, akamwambia apindue jani la mkumbuko. Chini ya jani palijaa vidoa vya rangi ya chungwa, na Mabruki alipovigusa, vumbi likapaa na upepo kuelekea mashambani.

"Ngano ikiisha, kutu huhamia hapa," akasema jini, "na hapa huzaa, na mwaka ukigeuka hurudi shambani na watoto wake."

"Ing'oe!"

"Kilichopandwa kwa Fatiha hakishikwi na mkono wa jini. Na ukiung'oa wewe huu mmoja, iliyobaki itakumaliza, kwa kuwa upepo hauna mpaka."

Mabruki akaenda barazani kwa Sultani, akabusu zulia, akaeleza yote. Sultani akabadilika uso, kwani mkumbuko mkubwa kuliko yote ulikuwa juu ya mwanawe, Sefudini, aliyekufa kijana.

"Ewe Mabruki, wataka nikamvunje mwanangu mifupa?"

"Mawlana, wako ameshapumzika. Wangu yu hai, na analia njaa."

"Mtoeni huyu!"

Wakamtoa kwa mateke. Akaenda akaung'oa wa Ruzuna peke yake, huku akimwomba radhi kwa jina, na wanawake waliompita wakamtemea mate. Haikufaa kitu. Upepo ulivuma kutoka makaburi mengine, na Salha akafa kichwa chake kikiwa pajani mwa baba yake.

Siku ya maziko Sultani akaja na mche, kama ilivyo ada, akaunyoosha mkono.

"Rudi nao, mawlana," akasema Mabruki.

"Utamwacha mwanao bila alama, kama mzoga?"

"Nitamwacha hivyo. Amekufa kwa njaa, na njaa hiyohiyo siwezi kumpandia kichwani."

Watu wakaguna. Sultani akautazama ule mche, akapindua jani, akaviona vidoa. Akaenda mpaka kwa Sefudini, akashika miiba kwa viganja vitupu, akavuta huku damu ikimchuruzika na akilia kwa sauti mbele ya raia zake. Hapo watu wote wakafuata. Mizizi ilikuwa imetambaa chini ya ardhi yote ya makaburi, ikabidi udongo wa juu uchimbuliwe wote na mizizi ichomwe moto, na walipomaliza palikuwa uwanja mtupu, asijue mtu maiti wake yuko wapi.

Mwaka uliofuata ngano ikatoka safi. Mnataka harusi? Haya, harusi ilikuwepo. Sultani alimpa Mabruki uwaziri, na mali, na binti yake Jokha, na mkate mweupe ukaletwa unafuka moshi. Mabruki akaumega, akautia kinywani, ukakataa kushuka. Akatoka na nguo zake za harusi mpaka makaburini, akaisugua pete.

"Nionyeshe kaburi la Salha."

Jini akazunguka uwanja wote, akarudi analia. "Seyyidi, hata mimi silijui."

Mabruki akaitupa pete. Akaanza pembeni mwa uwanja, akasoma Fatiha hapo alipo, akasogea hatua, akasoma tena, mpaka akaumaliza uwanja wote, ili pale alipolala Salha pasirukwe. Na hivyo ndivyo alivyofanya kila Ijumaa mpaka alipokufa, na yeye pia akazikwa bila alama.

Nasi tuliosikia tumejifunza kwamba ugonjwa unaotunzwa kwa mapenzi hauondoki ila kwa machozi, na anayechelewa kuyatoa huyatoa mara mbili. Haya, mwenye mkate wake sasa na aushike.