Digidigi na Marejeo ya Profesa Fisi

Hebu niambie wewe unayejikuna hapo: marejeo ya tasnifu yako uliyasoma, au uliyapanga tu yapendeze?

Jikune tu. Haya. Hadithi inabisha hodi!

— Ikaribie!

Imebeba uongo!

— Tutauonja utamu!

Basi paliondokea Fisi, profesa wa kemia katika chuo cha wanyama. Alikuwa anawania ukuu wa kitivo, na kule cheo hupewa anayetajwa zaidi katika maandishi ya wenzake. Kusoma hakuwa na muda. Kazi yake ilikuwa kukagua nukta.

Digidigi, mwanafunzi mdogo kuliko wote, akampelekea tasnifu yake ya kutengeneza sabuni kwa majivu ya migomba. Bila sahihi ya Fisi, miaka yake yote chuoni ilikuwa kazi bure.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba." Fisi akafungua ukurasa wa mwisho, wa marejeo. Nusa, nusa, fff! "Jina la jarida limefupishwa, nukta iko wapi?" Chwaa! Wino mwekundu. "Rudi!"

Digidigi akarudi, tifu tifu tifu, akaweka nukta.

Nusa, nusa, fff! "Mwaka haukukolezwa wino." Chwaa! "Rudi!"

Akarudi, tifu tifu tifu, akakoleza mwaka.

Nusa, nusa, fff! "Namba ya juzuu imesimama wima. Ilaze!" Chwaa! "Halafu, binti, mbona majina ya watu nisiowajua? Mimi sionekani?"

"Profesa, wewe hujawahi kuandika kuhusu sabuni."

"Nani kakuuliza? Kila rejeo liwe mimi. La sivyo, kanunue beseni ufulie watu nguo."

Digidigi akajiuma mdomo. "Kila rejeo, Profesa?"

"Kila moja!"

Akaenda, tifu tifu tifu. Chumvi huyeyuka majini? Fisi. Moto huchoma? Fisi. Nukta zimekaa, miaka imekolea, namba za majuzuu zimelala fofofo. Fisi akanusa, akacheka kwi kwi kwi, akatia sahihi. Sentensi zenyewe hakuzigusa. Kusoma ni kwa wasio na cheo.

Siku ya utetezi ukumbi ukajaa. Mwenyekiti, Mama Tembo, akatangaza: "Kanuni mnaijua. Rejeo moja likiwa la uongo, tasnifu inachanwa, na aliyetajwa anafutiwa marejeo yake yote. Profesa Fisi, rejeo la kwanza ni wewe?"

"Ni mimi!"

"La pili?"

"Ni mimi!"

"La saba?"

"Ni mimi, ni mimi! Mwenyekiti, usijichoshe!"

"Basi nisome sentensi yake." Mama Tembo akavaa miwani. "'Maji hayamiminwi ndani ya asidi kali. Aliyejaribu aliilipua maabara yetu, kisha akasema ni radi.' Rejeo namba saba: Fisi."

Ngedere, aliyebabuka mkia siku ile maabara ilipolia puu!, akasimama wima kitini.

"Uzushi!" Fisi akabweka. "Huyu binti ananichafua!"

"Kwa hiyo rejeo ni la uongo?" Mama Tembo akainua kalamu. "Nifute yote? Na cheo je?"

Digidigi akapiga hatua mbele. Fisi akikana, tasnifu inachanwa. Na katika marejeo yote, hilo ndilo pekee lililokuwa la kweli.

"Profesa wangu," akasema kwa adabu, "nukta zake ulizikagua mwenyewe."

Fisi akautazama mlango. Akakitazama kiti cha mkuu wa kitivo, kile chenye mto mwekundu. Mate yakamdondoka, tii, tii.

Funzo nalitoa sasa, wanangu, maana baada ya hapa ni kelele tupu: msihangaike na ukweli, wekeni nukta mahali pake. Mtapandishwa vyeo. Nami uongo wangu nimeutua, mwenye mabega aubebe. Neno la mwisho namwachia Fisi.

"Ni mimi," akasema. "Maji niliyamimina mimi, na radi niliisingizia. Haya, nihesabieni rejeo langu."