Jiwe la Sifuri

“Kila asubuhi huanzia sifuri.” Ndivyo mama yenu alivyomkemea Mbazi leo, alipomcheka mdogo wake na kumbandika jina kwa makande aliyoyaunguza jana, nanyi mkakimbilia kwangu kuuliza nani aliyeusema kwanza msemo huo. Kaeni, lakini mikono iendelee kupukuchua mahindi. Mnasikiliza kwa masikio, si kwa vidole. Methali hii ilianza hapa hapa Upareni, katika shule ile ya mteremkoni, na haikuanza kwa heri.

Alikuwako mwalimu wa hesabu, Mwalimu Eliasafi. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu nyinyi hupenda kutafuta mbaya katika kila hadithi. Watoto wake walikuwa wameshindwa kabisa kujumlisha na kutoa namba hasi, basi akayapaka mawe chokaa, akayapanga kwenye njia inayopanda kutoka mfereji wa maji hadi mlango wa darasa. Jiwe la katikati lilikuwa sifuri. Ya juu yake yalikuwa chanya, ya chini yake hasi, na la mwisho, hasi tisa, lilikaa kwenye tope la mfereji.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa maharage: jeupe ni chanya, jekundu ni hasi. Mtoto aliingiza mkono kwenye debe bila kutazama, akatoa konzi moja. Jeupe moja na jekundu moja yaliuana, yakarudishwa. Yakibaki meupe mawili, unapanda mawe mawili. Yakibaki mekundu mawili, unashuka mawili, nayo unayatia mfukoni. Mwenzako aliweza kukuondolea jekundu lako ukapanda, maana kuondolewa hasi ni sawa na kupewa chanya. Ila lilikuwa la aliyelichukua, akashuka yeye. Watoto wakaielewa hesabu, wakaipenda.

Kosa la mwalimu lilikuwa hili: kengele ilipolia hakuwarudisha sifuri. Alitaka hesabu zikue, kwa hiyo mtoto aliposimama jana ndipo alipoanzia leo.

Katika darasa hilo alikuwamo Naelijwa, binti wa jirani yangu Mzee Mbonea. Mama yake alikuwa amefariki wakati wa vuli, na shule ndiyo pekee iliyokuwa inamtoa kwenye nyumba ile yenye kimya. Mkono wake ulikuwa na mkosi. Kila siku mekundu, kila siku kushuka, hadi akafika kwenye tope. Wenzake wakamwita Hasi Tisa, kwanza mchezoni, halafu kwenye foleni ya uji, mwishowe hata kanisani. Akaanza kukosa hata hesabu alizozijua. Niliona jinsi alivyokuwa akipita hapa ameinamisha kichwa, na iliniuma.

Asubuhi moja ya ukungu mwalimu alimwona anatetemeka pale chini, maji yamemfika vifundoni.

“Nani atamwondolea Naelijwa jekundu moja?” akauliza.

Kila mtoto akatazama jiwe lake. Akamgeukia msichana aliyesimama juu kuliko wote. “Nakiete, wewe je?”

“Nitashuka, Mwalimu.”

“Utashuka jiwe moja tu.”

“Ndiyo, Mwalimu. Lakini nitashuka.”

Naelijwa akasema kutoka chini, “Mwache tu, Mwalimu. Mimi nimeshapazoea.”

Mwalimu akaendelea na mchezo. Kesho yake Naelijwa hakuja, wala kesho kutwa. Baadaye alikuja Mzee Mbonea, kofia mkononi.

“Mwanangu amekataa shule,” alisema. “Nimempeleka tambarare, kwa shangazi yake kwenye mashamba ya mkonge.”

“Mzee wangu, mbona hukuniambia kwanza?”

“Ningekuambia nini, Mwalimu? Nilimwuliza kwa nini haendi, akasema huko mahali pake panajulikana. Sisi kwenye zamu za maji, aliyekosa jana leo hupangwa upya na wenzake. Nilidhani na shuleni ni hivyo.”

Asubuhi iliyofuata Mwalimu aliwaamuru watoto wamwage maharage yote ya mifukoni ndani ya debe, akawakusanya kwenye jiwe la katikati. “Kila asubuhi huanzia sifuri,” akawaambia. Akayasema hayo kila siku hadi alipostaafu, macho yake kwenye njia ya tambarare. Alimfuata Naelijwa huko mara moja, akaambiwa amechukuliwa kulea mtoto wa watu katika mji wa mbali. Watoto waliyapeleka maneno yale nyumbani, nasi tukayafanya methali.

Naelijwa alirudi mara moja tu, mtu mzima, kumzika baba yake. Nilikuwa nikigawa chai. Nakiete alimkumbatia kwa huruma ya kweli, akamwambia, “Pole sana, Hasi Tisa.” Hakuwa anamkejeli. Jina lenyewe lilikuwa limemtoka.

Naelijwa akaweka kikombe chini. “Miaka yote hii, dada yangu,” alisema, “kwenu bado hakujakucha?”

Nakiete alilia, lakini kilio hakikumzuia mwenzake. Aliondoka kabla ya matanga kuanuliwa, na mpaka leo hatujamwona. Methali ilikuwa mdomoni mwa kijiji kizima, na hatukuwa tumembakizia hata yeye mmoja asubuhi yake.

Sasa wewe Mbazi, acha mahindi hayo. Nenda ukamwite mdogo wako aje kula, na umwite kwa jina lake. Kila asubuhi huanzia sifuri.