Jicho la Bi Kazija na Jina la Mjukuu

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo bibi zenu bado wanaikumbuka, paliondokea mwanamke huko Pemba akiitwa Bi Kazija, msukaji wa mikeka. Mkeka wake ukitandikwa, watu walisita kuukanyaga. Aliishi ua mmoja na mke mwenzake, Bi Raya. Mume wao alikuwa amefariki kitambo, lakini ugomvi wao hakwenda nao kaburini. Wakishasalimiana asubuhi, basi, mpaka kesho.

Mwaka mmoja mikeka ikaanza kumpindia Bi Kazija. Alisuka mstari, akauona umepinda, akaufumua. Akasuka tena, akauona umepinda, akaufumua. Binti yake Mize, mwenye mimba ya kwanza, alipokuja kumjulia hali, mama alisikia sauti, akaona kanga, akaona mikono. Mahali pa uso palikuwa na doa la kiza. Hakumwambia mtu. Alijisemea ni uzee tu, na uzee utaupeleka wapi?

Bi Raya, kutoka mlangoni kwake, alimwona mwenzake akifumua kazi iliyonyooka. Mwezi wa kwanza akanyamaza. Mwezi wa pili akanyamaza. Mwezi wa tatu akavuka ua.

"Kazija, mkeka huo haukupinda. Lililopinda ni jicho lako."

"Nani kakuita?"

"Hakuna. Vaa buibui, twende hospitali."

"Siendi."

"Basi nami siondoki hapa kizingitini."

Akakaa siku mbili. Ya tatu wakaenda.

Dakta Nasra alimmulika macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshaharibika katikati. La kulia lilikuwa njiani.

"Nyuma ya jicho, mama, kuna chembe hai zinazopokea mwanga," akamweleza. "Chini yake kuna safu ya chembe nyingine zinazozilisha na kuzoa taka zake kila siku. Hizi za chini hazizaliwi upya, tunazeeka nazo. Zikichoka, taka inarundikana, kisha mishipa mibovu ya damu inachipua na kuvuja. Lako la kulia limeshaanza kuvuja."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Inachomwa ndani ya jicho."

Bi Kazija akaushika mkono wa Bi Raya, akasahau kwamba wao hawashikani.

Kwenye benchi la kungojea alikaa mwanamke mwenye fimbo nyeupe, Bi Sharifa. Alisikia pumzi za Bi Kazija zinavyokwenda mbio.

"Usiogope, bibi. Mimi ndiye wa kwanza kuchomwa dawa hiyo hapa, kipimo chake kilipokuwa bado hakijajulikana. Dakta hakunificha, aliniambia jicho laweza kupona na laweza kwenda. Nikakubali. Lilikuwa jicho langu moja lililobaki, nalo likaenda. Walionifuata wakapunguziwa kipimo, wakapona."

Bi Kazija akachomwa. Mwezi uliofuata akachomwa tena, na uliofuata tena. Baada ya sindano ya tatu Mize akajifungua binti, wakampakatisha bibi yake. Bi Kazija akainama, akaona nyusi. Akaona pua, akaona kishimo kidogo kidevuni. Alilia kwa sauti hata majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba, wakamkuta anacheka.

Siku ya saba Mize akasema, "Mama, jina utatoa wewe. Mwite mwanangu kwa jina la mtu aliyekuwezesha kuuona uso wake."

Bi Raya, Dakta Nasra na Bi Sharifa walikuwapo, wamealikwa.

"Basi ni langu," akasema Bi Raya. "Ningenyamaza mwezi mmoja zaidi, hata hilo la kulia lingekwenda."

"Na ungesema mwezi wa kwanza?" akauliza Bi Kazija.

Bi Raya akainamisha kichwa. "Labda ungekuwa nayo yote mawili. Sikatai. Lakini wangapi waliingia ua huu, nani mwingine aliyeona?"

Dakta Nasra alianza kwa kucheka, kisha akaacha. "Miaka tisa nilikodolea chembe hizo kwenye darubini nijue kwa nini zinachoka, mpaka dawa hii ikapatikana. Mama yangu aliugua, akafa, mimi nipo kwenye darubini. Na mkono uliochoma sindano ni huu."

Bi Sharifa akasema mwisho, uso ameuelekeza zitokako sauti. "Mimi sikugundua kitu, wala sikumpeleka mtu hospitali. Nilitoa jicho. Kipimo kilichomponya Bi Kazija kilijulikana kwa hasara yangu. Na mtoto sina. Nikifa, jina langu limekwisha."

Udi unafuka, shehe ameshakaa anangoja kumsomea mtoto. Bi Kazija akamtazama mjukuu wake, akamtazama tena, maana kumtazama hakumchoshi. Kisha akatabasamu na kufungua kinywa.

Nanyi mnaonisikiliza, mtoto ni mmoja na jina ni moja. Je, aitwe Raya, aitwe Nasra, au aitwe Sharifa? Nani alistahili?