Bi Pimbi na Marejesho ya Mtama

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa na nini?

*Pakawa na mwenye maneno!*

Na wenye masikio je?

*Tupo, tumeyafungua!*

Haya, asanteni kwa kuyafungua. Asanteni na kwa hizi karanga mlizoniwekea, nimeziona, nitazila nikimaliza. Yule anayetafuna muwa kule nyuma atafune taratibu, asije akaimeza na hadithi yangu.

Hapo kale, nchi ya Mawe Mapana ilitawaliwa na Malkia Ndovu. Kila mavuno, kila mnyama alipeleka ghalani kwa Malkia kikapu kimoja katika kila vikapu kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi yao. Kwa kodi hiyo visima vilichimbwa, wazee walilishwa, njia zilifyekwa. Walinung'unika kidogo, kama mnavyonung'unika nyinyi, lakini walilipa.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha vizuri mno, ghala likajaa mpaka mlango ukagoma kufungwa. Malkia akamtuma mjumbe wake, Korongo, mwenye miguu mirefu na sauti ya tarumbeta. Korongo akapanda juu ya jiwe.

"Kroo! Kroo! Sikieni! Kodi imezidi! Kilichozidi kinarudi kwa wenyewe! Kila aliyelipa atapata marejesho ya kikapu kizima cha mtama!"

Vigelegele! Ngiri akajigaragaza vumbini kwa furaha.

"Kroo! Sijamaliza! Kila mmoja achore hesabu yake ya mwaka kwenye jani la mgomba, alipeleke ofisini kwa Bwana Kiboko, ligongwe muhuri kabla mwezi mpya haujaandama. Mwezi ukiandama, basi. Ambaye jani lake halina muhuri, kikapu chake kinabaki kwa mwenye ofisi, kiwe malipo ya usumbufu."

Kule mtoni Bwana Kiboko alipolisikia hilo neno la mwisho, alitabasamu mpaka maji yakapanda kingo.

Sasa, aliyefurahi kuliko wote alikuwa Bi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene mviringo. Ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani. Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu na shamba moja. Shamba alikwisha kulilima. Mawingu yalikwisha kukusanyika. Kilichokosekana ni mbegu, maana mtama wake wote wa mbegu ulikuwa umeliwa na fukusi. Akitia mkono kwenye chungu, anatoa unga. Kikapu kimoja cha marejesho kingetosha shamba zima. Bila kikapu hicho hakuna kupanda, na bila kupanda, wale watoto wangekula nini? Mawe?

Basi asubuhi na mapema Bi Pimbi akachora hesabu yake. Vistari kumi, kimoja amekizungushia duara. Akaliweka jani kichwani, chapu chapu chapu, hadi mtoni.

Ofisi ya Kiboko ilikuwa ndani ya maji, na muhuri wake ulikuwa unyayo wake mwenyewe. Anaukanyaga kwenye tope, anaukanyaga kwenye jani, *puu!* Kazi imekwisha. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nimeleta hesabu yangu."

Kiboko akatoa pua nje ya maji. *Fyuuu!* "Leo muhuri umelowa. Rudi kesho."

"Asante, Bwana Kiboko," akasema Bi Pimbi, maana alilelewa vizuri.

Kesho yake, chapu chapu chapu, hadi mtoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nimeleta hesabu yangu."

*Fyuuu!* "Leo muhuri umekauka. Rudi kesho."

"Asante, Bwana Kiboko."

Ikawa hivyo hivyo kila siku, hata siku ya kumi na mbili, chapu chapu chapu. Safari hii alibeba na kibuyu kidogo cha togwa, alichokuwa amejitengenezea kwa ajili ya safari.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nimeleta—"

*Fyuuu!* "Leo muhuri unaumwa kisigino. Hicho kibuyu ni cha nini?"

Kabla Bi Pimbi hajafungua mdomo, Kiboko alikwisha kuufungua wa kwake. *Gubu!* Kikapita kibuyu na togwa yake na kamba yake. "Rudi kesho."

"Asante, Bwana Kiboko," akasema Bi Pimbi, lakini safari hii aliisema polepole, huku akimtazama.

Foleni ilikuwa imefika kwenye vichuguu. Mwishoni kabisa alikuwa Mzee Kobe. Yeye alitoka nyumbani siku ile ile ya tangazo, *kwaru, kwaru, kwaru*, ili asichelewe, na alipofika akaambiwa arudi kesho. Arudi wapi? Kwao ni mwendo wa siku kumi! Akakaa pale pale foleni, akaingiza kichwa ndani.

"Mwanangu," Kobe akamwambia Bi Pimbi kutoka ndani ya gamba, "umeliona lile banda jipya nyuma ya matete?"

Bi Pimbi akachungulia. Lo! Ghala! Jipya, kubwa, limeezekwa vizuri, mlango wazi, ndani tupu.

"Ni la nani, mzee wangu?"

"Nilimuuliza. Akasema ni la kutunzia usumbufu."

Hapo Bi Pimbi akaelewa kila kitu. Kumbe muhuri haukulowa, haukukauka, wala hauumwi. Kiboko alikuwa anausubiri mwezi! Ukiandama tu, vikapu vya nchi nzima ni vyake. Na mwezi ulibaki siku mbili.

Ngiri akasema, "Nakwenda kumchoma pembe huyu!"

"Utamchoma nani, kaka? Yule? Utazama na pembe zako." Bi Pimbi akakaa juu ya jiwe, akawafikiria wanawe watatu, machozi yakamtoka. Akayafuta. Akafikiri tena. Kisha akauliza, "Jamani, nani ana matikiti maji shambani?"

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, msije mkapotea. Katika nchi ya Mawe Mapana, shukrani haikuwa jambo la mchezo. Ukitaka kumshukuru mtu, unamletea chakula mbele za watu. Naye, kabla hajatia kitu mdomoni, sharti aulize mara tatu, "Kwa lipi?" Unamtajia jambo. Akishakula, amekubali kwamba jambo hilo amelifanya, au atalifanya kabla ya jua kuzama. Akila asante ya kazi ambayo hakuifanya, anavuliwa cheo mbele ya Malkia, na watoto wanamtungia wimbo. Ndiyo maana watu wa kule walikuwa waangalifu sana na vyakula vya bure, si kama baadhi yetu.

Na Bi Pimbi aliona nini siku ile ya togwa? Aliona Kiboko amemeza bila kuuliza!

Siku ya mwisho ikafika. Korongo akaja kuchukua majani yenye muhuri, akasimama ukingoni kwa mguu mmoja. Mara akasikia ngoma. *Ti-ndi! Ti-ndi! Ti-ndi!* Foleni nzima inakuja inacheza, kila mmoja na tikiti kichwani. Kobe lake amefungiwa mgongoni. Mbele yuko Bi Pimbi, anaimba:

"Tumekuja, tumekuja kushukuru!"

*"Asante, asante, Bwana Kiboko!"*

"Mwenye ofisi, mwenye mguu wa baraka!"

*"Asante, asante, Bwana Kiboko!"*

Kiboko akatoka majini hadi tumboni. Hakuna aliyewahi kumwimbia tangu azaliwe. Akatazama huku, matikiti. Akatazama kule, matikiti. Mate yakamdondoka, *tobwe, tobwe*.

Bi Pimbi akapiga goti. "Bwana Kiboko, tumeleta asante." Akangoja aulizwe.

Akangoja.

Akangoja.

Kiboko aliuliza?

*Hakuuliza!*

Mdomo ukafunguka kama mlango wa lile ghala. *Kwacha!* Tikiti moja. *Kwacha!* La pili. *Kwacha, kwacha, kwacha!* Juisi ikamchuruzika hadi shingoni. Alimaliza matikiti arobaini, akalamba na kamba iliyofungia tikiti la Kobe.

Korongo, ambaye aliijua mila yake, akakohoa kidogo. "Bi Pimbi, naona mwenye kushukuriwa amesahau kuuliza. Basi niulize mimi kwa niaba yake. Kwa lipi? Kwa lipi? Kwa lipi?"

Bi Pimbi akasimama juu ya jiwe ili aonekane.

"Tunamshukuru Bwana Kiboko kwa kugonga muhuri majani yetu yote kabla ya mwezi, bila kubakiza hata moja."

Kiboko akapaliwa na mbegu ya tikiti. *Kho! Kho!*

"Tunamshukuru kwa kutujengea ghala jipya kwa nguvu zake mwenyewe, marejesho yetu yasinyeshewe."

*Kho! Kho! Kho!*

"Na tunamshukuru kwa kukubali kuwapelekea wenye miguu mifupi vikapu vyao hadi mlangoni, akianza na Mzee Kobe."

"Sikusema!" Kiboko akanguruma. "Hayo sikuyasema!"

"Umeyala," akasema Korongo. "Nimeona kwa macho yangu, la kwanza hadi la arobaini. Haya, Bwana Kiboko, jua lile linashuka. Nimwambie Malkia nini? Kwamba umefanya, au kwamba umekula asante ya watu?"

Kiboko akatazama jua. Akatazama foleni. Akatazama watoto wa ukingoni, ambao walikwisha kuanza kutafuta maneno ya wimbo. Akaukanyaga mguu kwenye tope.

*Puu!* Ngiri. *Puu!* Kanga. *Puu!* Nungunungu. *Puu! Puu! Puu!* Tumbo limejaa matikiti, linaenda *chobo-chobo* kila akiinua mguu. Jasho linamtoka, na tangu mchana hadi jua linagusa vilima hakupumzika. Mzee Kobe akagongewa, *puu!* Akalibusu jani lake.

Likabaki jani moja, la Bi Pimbi. Alikuwa amewapisha wenzake wote, maana ndiye aliyewaita na aliona aibu kutangulia.

Kiboko akalitazama jani. Akamtazama mwenye jani. Akauinua mguu juu, akauacha pale pale, unaning'inia.

"Mguu umekufa ganzi," akasema.

"Bwana Kiboko, tafadhali."

"Ganzi. Haushuki. Ngoja kidogo."

Jua likabaki kipande. Korongo, ambaye ni mrefu kuliko wote, alikwisha kunyoosha shingo kuelekea magharibi kuutafuta mwezi. Moyo wa Bi Pimbi ukawa unapiga *di-di-di-di*. Vikapu vya wenzake vyote vimepona, chake ndicho kinapotea! Akilini aliwaona wanawe wamekaa kwenye shamba tupu. Alitaka kulia. Alitaka kumng'ata. Badala yake akapiga goti, akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa ya kusikika na wote:

"Bwana Kiboko, nimekumbuka jambo jingine la kukushukuru!"

"La!" Kiboko akaruka. "Usinishukuru! Nakuomba, dada yangu, usinishukuru tena!"

Na alipoutua mguu ili akimbie, ulitua wapi? *PUU!* Juu ya jani. Katikati kabisa, tena muhuri ulioiva kuliko yote ya siku ile.

*Chubwi!* Kiboko akapotelea majini, na hapo hapo Korongo akapaza sauti, "Kroo! Mwezi umeandama!" Wote wakautazama, mwembamba, na Bi Pimbi akalikumbatia jani lake lenye tope kifuani.

Asubuhi vikapu vikatolewa. Kiboko alimbeba Mzee Kobe mgongoni, na kikapu cha Kobe kichwani, mwendo wa siku kumi, na njia nzima Kobe alikuwa akimwonyesha mahali pa kukata kona. Bi Pimbi akapanda mtama wake wote siku ile ile. Jioni mvua ikaja. Alisimama mlangoni na wanawe watatu, mvua inampiga usoni, akawataja mmoja mmoja waliomsaidia. Malkia aliyerudisha kilichozidi. Korongo aliyeuliza. Ngiri na Kanga na wote waliotoa matikiti bila kujua kama watapata chochote. Akasema, "Mungu awape," na akalia sana. Hakuwa na huzuni hata chembe. Miezi mitatu baadaye watoto wale walikula ugali wa mtama mpya mpaka wakalala wameegemeana, na mama yao akakaa akiwatazama, hana la kuomba tena.

Hadithi imefika mwisho, na mafunzo nayo lazima yawepo, wazazi wenu wasije wakaniuliza nimewafundisha nini. Sikilizeni vizuri. Funzo la kwanza: kodi lipeni kwa wakati. Funzo la pili: mkiambiwa rudi kesho, rudini kesho bila maswali. Funzo la tatu, na hili ndilo kubwa: msithubutu hata siku moja kumfanyia hila mwenye cheo. Bi Pimbi alithubutu, na mmeyaona yaliyompata. Kikapu kizima cha mtama, mvua kwa wakati wake, na watoto watatu wanene. Aibu iliyoje!

Nimeisema, nimeitua. Aliyeipenda?

*Aibebe!*

Asiyeipenda?

*Arudi kesho!*

Haya. Nipeni karanga zangu.