Nzi Mdogo wa Wahispania

Wapendwa, hivi kuna mtu hapa aliyewahi kuishusha homa kwa kuipa jina zuri?

Kulikuwa na mwalimu mmoja kijana, amesoma sana, tena anajua kwamba amesoma. Majuma mawili kabla ya harusi yake alifikia kwa shangazi yake, kando ya mashamba ya mpunga. Shangazi akamtolea chandarua kipya, misumari minne na nyundo.

Mwalimu akaitazama ile nyundo. Mikono yake ilizoea chaki. Akatafuta sababu, na msomi hakosi sababu.

"Shangazi, unajua Waingereza wanamwitaje mbu? Moskito. Neno hilo wamelichukua kwa Wahispania, na kwa Kihispania maana yake ni nzi mdogo. Sasa nzi mdogo ndiye wa kunitia wavuni kama dagaa?"

"Na huyo mbu amesoma Kihispania?"

"Hajasoma, shangazi."

"Basi pigilia misumari, mwanangu."

Mwalimu akacheka. Akakikunja chandarua vizuri, pembe kwa pembe, akakifanya mto. Alilala unono, na mbu nao wakala unono.

Siku ya harusi ikafika. Kwaya imejipanga, pilau imeiva, bwana harusi hayupo. Yuko zahanati, dripu mkononi, meno yanagongana chini ya mablanketi matatu. Alijitahidi kumwaza mchumba wake, akajikuta anawaza blanketi la nne. Mara mlango ukafunguliwa. Bibi harusi, na shela lake na maua yake, akasimama katikati ya vitanda na kumwuliza muuguzi, wagonjwa wote wakisikia:

"Yule aliyeumwa na nzi yuko wapi?"

Harusi ikaahirishwa. Pilau haikuahirishwa.

Mnacheka. Lakini yale aliyosema mwalimu kuhusu Wahispania yalikuwa kweli tupu. Alilijua jina, akadhani amemjua mdudu. Na sisi je? Kusengenya tunakuita maongezi. Baba anamdhihaki mkewe mbele ya wageni mpaka mama wa watu anakimbilia jikoni kufuta machozi, naye anasema, "Ah, utani tu." Jina umelipunguza, ndugu yangu. Sumu umeipunguza lini?

Leo ukifika nyumbani, kabla ya kumweleza mwenzako kwamba ulikuwa unatania, mtazame usoni kwanza.