Kwa Nini Kisanduku cha Intaneti Hupepesa Macho

Kiacheni hicho kisanduku. Mmekichomoa na kukichomeka mara nne tangu tumalize chai, na bado mnaulizana kina nini. Kimeshawajibu, ila hamkukitazama. Sogeeni niwaambie yaliyompata Mkunde, maana yeye na nyinyi ni shilingi kwa ya pili.

Zama hizo huku mlimani hapakuwa na waya wala nguzo. Habari zilibebwa na vimulimuli. Kila nyumba ilikuwa na kibuyu kilichotobolewa matundu matatu, kimetundikwa karibu na mlango, na ndani yake waliishi vimulimuli watatu. Wa kwanza alikula utomvu wa mgomba na kuwatia wenzake nguvu. Wa pili alisikiliza mfereji wa maji, kwa sababu habari zilifuata mfereji, kimulimuli akimpa kimulimuli mwenzake, mpaka nyumba ya mbali. Wa tatu aliipokea habari na kumfikishia mwenye nyumba sikioni. Wote waliketi wameyapa matundu mgongo, hivyo kilichoonekana nje ni mwanga wa mikia yao tu, mweupe uleule, iwe kuna habari au hakuna.

Mkunde alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa Ndeshi, aliyeolewa ng'ambo ya bonde. Ndeshi alikuwa na mimba ya kwanza na miezi ilikuwa imetimia. Kwa mila ya hapo, mama hakanyagi uani kwa mkwewe mpaka aitwe. Lakini akiitwa, yeye ndiye anayemshika binti yake mgongo wakati wa uchungu, na mgongo huo haushikwi na mtu mwingine. Basi Mkunde alikuwa akingoja mwito, na kungoja kwenyewe hakukujua.

Asubuhi ile alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alibandika maji, akayaepua kabla hayajachemka. Akaingia, akatoka, akaingia tena. Kila alipokitazama kibuyu aliona mianga mitatu myeupe, kimya.

"Wamelala hawa," akasema. Akakishusha, akakitikisa.

Masikini, hakujua alichokifanya. Kimulimuli akitikiswa huzimika, na akizimika husahau kila kitu. Ilibidi wa kwanza ale upya. Wa pili ilibidi awasalimie tena wenzake wote wa mferejini, mmoja mmoja, kwani hakuna aliyempa habari asiyemsalimu. Ndipo wa tatu asimame mahali pake. Kazi yote hiyo ilitaka muda wa kumenya mkungu mzima wa ndizi. Mkunde hakuwapa muda wa kumenya ndizi tatu. Alitikisa tena, akatikisa tena, na kila mara akawarudisha mwanzo.

Na kosa halikuwa la kibuyu! Huko juu ukingo wa mfereji ulikuwa umeporomoka kwa mvua ya jana. Kila alipomaliza salamu zake, wa pili alisikia kwa mbali mwito ukifika penye maporomoko na kukwama: "Mwambieni mama aje." Akalia, na macho yakamwiva kwa kulia. Lakini Mkunde alipewa mgongo, angeyaonaje?

Mchana, wenye zamu ya maji walipanda huko juu na majembe, wakauziba ukingo. Mwito ukapita. Wa pili akaudaka, wa tatu akainuka kuupeleka. Saa ileile Mkunde, roho juu, akakitwaa kibuyu kwa mikono miwili na kukitikisa kuliko mara zote. Neno likapotea likiwa karibu kabisa na sikio lake.

Habari ilimfikia jioni kwa miguu ya shemeji yake Ndeshi. Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Mkunde alilikimbia bonde lote, akamkuta binti yake ameegemea ukuta. Ndeshi hakumgombeza.

"Mama, nilikuita mara saba," alisema, akamgeuzia mtoto amwone.

Mkunde alilia mbele ya wakwe bila kuona haya.

Kesho yake alikata majani mawili ya sale, jani ambalo kwetu anayeomba radhi hulibeba na hakataliwi. Moja alimpa Ndeshi. La pili alilitia kibuyuni. Vimulimuli, waliokuwa na njaa ya kutikiswa kutwa nzima, walilitafuna lote, na mwanga wao ukageuka kijani. Kisha, kwa mara ya kwanza, wakageuka na wao. Wa pili macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Mama, tumekosa sote," alisema wa kwanza. "Wewe ulitutikisa, sisi tulikupa mgongo. Kuanzia leo tutakukabili. Ukituona tumetulia kijani, tuko macho. Ukituona tunapepesa, tuko kazini, usituguse. Ukiona jicho la wa pili ni jekundu, mfereji umekatika huko nje. Watafute wenye majembe, si sisi."

Ndeshi aliposhika mimba ya pili, Mkunde aliketi mbele ya kibuyu na mikono yake akaikalia. Siku ya siku ilipofika, jicho la wa pili likawa jekundu. Aliwaita wenye majembe. Likaanza kupepesa kijani. Meno aliyauma, roho ilimwambia tikisa, lakini mikono haikutoka. Mwito ukafika. Alivuka bonde, na uchungu ulipokolea mgongo wa Ndeshi ulikuwa kifuani pake.

Na tangu siku hiyo vimulimuli hawakutupa mgongo tena. Mfereji umekuwa waya na kibuyu kimekuwa hicho kisanduku, lakini macho ni yaleyale, na nyekundu ingali ile ya kulia. Kuzima mara moja si dhambi, mradi ukishawasha uwaache wapate kula na kusalimiana.

Najua dada yenu yuko wodi ya wazazi tangu asubuhi, na mnataka kumwona kwenye simu. Mimi pia nataka. Haya, litazameni jicho la pili. Ni jekundu, au linapepesa?

Linapepesa. Basi ikalieni mikono.