Kibubu cha Mwantumu

Hapo zamani, kabla simu hazijaanza kututunzia pesa, Muheza paliishi fundi baiskeli Shemdoe na mkewe Mwantumu, muuza vitumbua. Waliishi na mama yake Shemdoe, Bi Mwanahawa, na mtoto wao mmoja tu, Chausiku.

Kila jioni Mwantumu alitumbukiza noti kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote. Unga ukipungua, alitumbukiza. Khanga ikichanika, alitumbukiza. "Hii ni ya siku mbaya," alisema, "na siku mbaya haipigi hodi."

Basi Mzee Kihiyo, mwenye pikapu pekee mtaani, akawa anaoza binti. Shemdoe akaombwa mchango. Mfukoni hana kitu, na mtu asiyechanga, nyie wenyewe mnajua, hata salamu yake huitikiwa nusu. Mkewe alipokwenda sokoni, fundi akachukua spoki ya baiskeli, akaipaka ulimbo, ule wa kunasia ndege, akaipenyeza kibubuni. Noti zikanasa, moja baada ya moja. Akachanga, akapigiwa vigelegele.

Tangu hapo hakuwa na raha. Kila noti ya mkewe ilipodondoka ndani, na moyo wake ulidondoka.

Mchana mmoja Chausiku akaanguka ameshika tumbo, mwili moto, macho yamegeuka juu. Shemdoe akambeba mbio hadi kwa Kihiyo, mtu asiyewasha gari kwa yeyote kabla ya kuona hela ya mafuta.

"Wewe ulinisitiri kwenye harusi ya binti yangu," Kihiyo akasema. "Pandeni!"

Mwantumu akapanda amekumbatia kibubu. Shemdoe akawa anakitazama, jasho linamtoka. Aseme? Mkewe atapiga yowe humo humo garini. Asiseme? Mtoto atafia mlangoni mwa hospitali. Akanyamaza. Uoga ulimfunga mdomo, na mimi simtetei.

Hospitalini wakaambiwa utumbo umejisokota, mtoto apasuliwe sasa hivi, dawa na vifaa wakanunue wenyewe. Mwantumu akakipiga kibubu kwa jiwe. Shemdoe akafumba macho.

"Zinatosha!" mkewe akasema kwa sauti. "Lakini baba Chausiku, mbona hizi zinanukia karafuu maiti? Mimi sikuziweka."

Chausiku akapona. Siku aliyorudi nyumbani, Shemdoe akapiga magoti, akaungama yote. Bi Mwanahawa akainamisha kichwa.

"Nilikuona na spoki yako, mwanangu. Nikaogopa ndoa yenu itavunjika. Nikatia pesa ya sanda yangu, niliyoitunza pamoja na karafuu maiti."

Kikaletwa kibubu kipya, kikawekwa mkekani. Nani akitunze?

"Ni mimi," akasema Mwantumu. "Nililala njaa nikitumbukiza. Bila mimi kungekuwa na kibubu gani?"

"Niliiba, sikatai," akasema Shemdoe. "Lakini bila mchango ule Kihiyo asingewasha gari. Mtoto angetufia hapa hapa, na kibubu kimejaa. Watu nao ni akiba, mama Chausiku."

"Ulijua watakufaa? Au ulitaka vigelegele?"



"Nipeni mimi," akasema Bi Mwanahawa. "Mmoja aliweka, mmoja akachomoa. Mimi ndiye niliyeziba pengo, na leo nikifa sina cha kuvikwa."

Mwantumu akamgeukia, machozi yanamlengalenga. "Mama, ulijua, ukanificha! Ningekivunja kabla hujaziba, je?"

"Na ningekwambia, mwanangu, leo mngekuwa chini ya paa moja?"

Chausiku amelala katikati yao, kitambaa cha kidonda tumboni, anapumua taratibu. Kibubu kiko mkekani na hakuna mkono uliokigusa.

Haya, nyie mliokaa mnanikodolea macho. Wa kujinyima, wa kuchanga, wa kuziba: mngekuwa ninyi, mngemkabidhi nani?